Kabla ya Kuhama, Soma Logi

Kuna jibu moja ambalo hutolewa kila mara mtu akilalamika kwamba seva yake ya baruapepe imeacha kupokea barua. Jibu lenyewe halianzi na swali. Haliulizi barua zinakwama wapi, zilianza kukwama lini, wala aliyetuma alirudishiwa ujumbe gani. Linasema tu: hama. Peleka domeni yako Google au Microsoft, lipa kila mwezi, ulale. Ati kuendesha seva yako ya barua siku hizi ni kama kuchimba kisima uani wakati mfereji unapita mlangoni.

Huo mfano wa kisima nimeusikia mara nyingi, na cha kuchekesha ni kwamba unatolewa Nairobi, mji ambao maji ya mfereji huja kwa ratiba na jirani mwenye kisima ndiye anayewauzia wengine kwa mtungi. Mwenye kisima akikosa maji anajua aangalie nini: pampu, tangi, stima. Mwenye mfereji akikosa maji, anangoja.

Sina ugomvi na mtu mwenye Gmail. Hata mimi ninayo. Ugomvi wangu ni na hilo jibu, kwa sababu linachanganya kazi mbili na kuzihukumu kama moja. Seva ya barua inatuma na inapokea. Kutuma kumekuwa kugumu kweli, na sitamdanganya mtu. Lakini kupokea bado kuko mikononi mwetu. Barua zisipoingia, tatizo karibu kila mara lina jina, lina mahali pake, na mara nyingi lina namba iliyoandikwa ndani ya mashine yako mwenyewe. Anayehama kwa sababu ya tatizo la kupokea anaiacha ile nusu ambayo hakuna mtu aliyemnyang'anya.

Tofauti ya hizo nusu mbili ni hii. Ukituma barua kwenda Gmail au Outlook, wao ndio wenye nyumba. Wanaweza kuipokea kwa namba 250, ambayo maana yake ni "tumekubali", kisha wakaizika kwenye folda ya spamu, na wewe usijue kamwe. Wanaweza kukukataa kwa sababu anwani ya IP uliyokodisha iliwahi kutumiwa na mtu mwingine kwa uhuni. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayetuma kwa watumiaji wa Gmail awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na vyote viwili pamoja na DMARC. Masharti mengine yana maana, mengine yanaumiza wadogo, lakini yote ni ya mwenye nyumba. Huwezi kufungua mashine yake ukaona kilichotokea.

Ukipokea, mwenye nyumba ni wewe. Kila anayebisha anaandikwa. Saa aliyokuja, alikotoka, alichosema, ulichomjibu. Ukitaka kujua kwa nini barua ya jana haikuingia, ushahidi uko nyumbani. Sasa niambie, kwani ni nani aliyeamua kwamba hii ndiyo kazi ya kutuogopesha?

Wazazi wetu wangeielewa hoja hii haraka kuliko sisi. Wengi wao walipokea barua kupitia sanduku la posta la shule, la kanisa au la mwajiri. Bahasha iliandikwa jina lako, kisha chini yake S.L.P. ya watu wengine. Jina lilisomwa paredi, au barua ilikaa kwenye dawati la mwalimu mkuu mpaka mtoto wa jirani apite aichukue. Mara nyingi mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema. Lakini sanduku halikuwa lako wala ufunguo haukuwa wako, na siku uhusiano ukiharibika, barua zako zilikuwa upande wa pili wa uhusiano huo. Ndiyo maana mtu akianza kupata senti kidogo, alilipia sanduku lake. Hakuna aliyemwambia kwamba ni ushamba kubeba ufunguo.

Na hapa kwetu watu waliwahi kupigania jambo linalofanana na hili. Novemba 2000, watoa huduma za intaneti wa Kenya walifungua KIXP jijini Nairobi, kituo cha kubadilishana mawasiliano, ili ujumbe wa ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi usilazimike kuvuka bahari na kurudi. Mwezi uliofuata mdhibiti, enzi hizo CCK, akakifunga baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kinaingilia ukiritimba wake. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Wale watu wangeweza kusema wacha tu, si barua inafika hata kama inapitia Marekani? Hawakusema hivyo. Walijua kwamba njia ya barua ni mali, na mwenye njia ndiye anayepanga bei, mwendo na masharti. Leo nyaya za baharini zinaifanya safari hiyo kuwa fupi kiasi kwamba hatuioni tena. Kwa hiyo tunairudisha barua ya Nairobi kwenda Nairobi kwenye mashine za ng'ambo, kwa hiari yetu, na tunalipia.

Basi turudi kwa barua zisizoingia. Nitaeleza njia yake, kwa sababu anayeijua njia hatishwi na neno "hama".

Kanuni za kusafirisha barua, SMTP, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na mpango wa rekodi za MX ukaja 1986. Mengi yameongezwa, lakini mifupa ni ileile. Mtu akikuandikia, seva yake inaiuliza DNS: barua za domeni hii zinapokelewa wapi? DNS inajibu kwa rekodi ya MX, ambayo ni jina la mashine. Inauliza tena: mashine hii ina anwani gani ya IP? Ikishapata, inakuja kubisha kwenye lango namba 25. Hapo wanasalimiana. Mgeni anataja bahasha, yaani inatoka kwa nani na inaenda kwa nani, kisha anakabidhi barua. Wewe ukisema 250, umeipokea, na kuanzia hapo ikipotea ni juu yako.

Kwa hiyo barua inaweza kukwama kwenye jina, njiani, mlangoni au ndani ya nyumba. Ni mahali pane tu. Na kuna jaribio moja linalokuambia uanzie wapi. Fungua logi, mwombe mtu akutumie barua kutoka Gmail, na uangalie mistari ikipita. Kwenye mashine nyingi za Linux logi iko /var/log/mail.log. Kwenye Debian 12 faili hilo huenda lisiwepo, basi tumia journalctl. Huhitaji shahada kwa hilo. Mimi chuo niliacha, na hili silioni kuwa gumu kuliko kufuatilia pesa zilizotumwa kwa simu zikaenda namba isiyo yake.

Logi ikinyamaza kabisa, mgeni hakufika mlangoni. Usiguse Postfix, usiguse paswadi, usiweke programu upya. Shida iko kwenye jina au njiani. Anza na jina. Je, domeni imelipiwa? Usicheke, hiki ndicho chanzo cha misiba mingi, kwa sababu aliyeisajili alishaacha kazi na risiti zinaenda kwenye sanduku asilolisoma mtu. Kisha uliza DNS kwa amri ya dig: rekodi ya MX inataja mashine gani? Mashine hiyo bado ipo, au ni ile ya mwaka juzi? Kama rekodi imebadilishwa leo na muda wake wa kukumbukwa, TTL, ulikuwa sekunde 86,400, kuna seva duniani zitakazoendelea kwenda anwani ya zamani kwa siku nzima. Hapo dawa ni kungoja, na kuiacha mashine ya zamani ikiwaka.

Jina likiwa sawa, angalia njia. Lango 25 lijaribiwe kutoka nje, kwenye mtandao mwingine. Mafundi wengi hulijaribu wakiwa ndani ya mashine yenyewe, wanajibiwa, wanatangaza kwamba iko sawa. Huo ni ushahidi wa mtu anayejibishia hodi yake mwenyewe. Fayawoli zinaweza kuwa mbili: ya kwako ndani ya mashine, na ya kampuni iliyokukodishia, ambayo huioni mpaka uingie kwenye ukurasa wao. Postfix nayo inaweza kuwa imewekwa isikilize ndani tu, kwenye mpangilio wa inet_interfaces. Na kama seva yako iko sebuleni kwa intaneti ya nyumbani, hakikisha kwanza una anwani ya IP ya umma. Kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo hakuna mgeni atakayekufikia hata ungesoma logi usiku kucha.

Logi ikisema, basi umeshinda nusu ya vita, kwa sababu inasema kwa namba. Namba inayoanza na 4 maana yake ni "rudi baadaye". Inayoanza na 5 maana yake ni "nenda, usirudi". Ukiona 554 na maneno "Relay access denied", seva yako haijui kwamba domeni hiyo ni yake. Imemwona mgeni kama mtu anayetaka kuitumia kama daraja la kwenda kwingine. Ongeza domeni kwenye orodha yake. Ukiona 550 na neno kwamba mtumiaji hajulikani, domeni iko sawa ila sanduku la jina hilo halipo, au limeandikwa kwa herufi iliyokosewa. Ukiona 452 kuhusu nafasi, diski imejaa, na mara nyingi kilichoijaza ni chelezo za zamani au logi zenyewe. Ukiona 450 au 451 kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, huenda ni ile mbinu iliyoanza 2003 ya kumwambia mgeni asubiri nje kidogo, kwa kuwa watuma spamu wengi hawana subira ya kurudi. Inafaa, lakini kampuni kubwa zinaweza kurudi na anwani tofauti kila mara, na seva yako ikawaona wageni wapya kila mara. Barua inachelewa kwa saa kadhaa na watu wanasema imepotea.

Na logi ikisema "sent", barua imeingia. Shida iko ndani ya nyumba. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa zaidi, kwa sababu anayepokea mlangoni na anayekuonyesha barua kwenye simu ni programu mbili tofauti. Postfix inaweza kuwa inaweka barua kwenye /var/mail huku Dovecot inazitafuta kwenye folda za Maildir. Barua ziko chumba cha pili, nyinyi mnazitafuta jikoni. Hakuna kilichopotea hata kimoja, na kuna watu wameshahama kwa sababu hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo ramani yote. Ukiisoma polepole ni nusu saa. Sasa ilinganishe na gharama ya kutoijua.

Kuna kikundi kidogo cha waandishi ninachokisaidia na mambo ya kompyuta. Walitoa wito wa hadithi fupi, na zikiwa zimebaki siku chache kabla ya mwisho, sanduku likakauka. Siku ya kwanza wakasema watu wanasubiri dakika ya mwisho, si ndiyo tabia yetu. Siku ya tatu wakaita fundi. Fundi alikaa nao chini ya robo saa, hakufungua logi, akawapa bei ya kuhamisha kila kitu na ada ya kila mwezi kwa kila sanduku. Nilipoitwa, logi ilikuwa kimya. Rekodi ya MX ilikuwa sawa. Kutoka nje, lango 25 halikujibu. Kampuni iliyowakodishia seva ilikuwa imehamisha mashine na kuweka fayawoli mpya, na haikumwambia mtu. Tuliwaandikia, wakalifungua jioni ile.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike haya. Barua zikaanza kuingia moja moja, kisha nyingi pamoja, zile zile za siku tatu. Kumbe zilikuwa hazijapotea. Kanuni za SMTP zinashauri kwamba seva inayotuma isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5, na Postfix kwa kawaida yake hujaribu kwa siku 5. Kila barua ilikuwa imekaa kwenye foleni huko ilikotoka, ikirudi kubisha kila baada ya muda. Waliotengeneza mfumo huu walijua kwamba mashine zitaanguka, stima itapotea, watu watasahau kulipa, na wakaujengea subira. Wa kukata tamaa katika robo saa alikuwa fundi.

Na tusidhani lililokuwa hatarini lilikuwa la kiufundi. Mwandishi anayetuma hadithi yake ya kwanza haulizi kama seva ya watu ilikuwa na shida. Akikosa jibu, anajiambia kwamba hawakuipenda. Huenda asitume tena. Sisi tunaoishi kwa kuandika, barua inayoingia ndiyo kazi, ndiyo malipo, ndiyo "ndiyo" tuliyoingoja tangu mwaka jana. Mtu anayesimamia sanduku hilo akisema tu "hama" bila kujua barua zimekwama wapi, anacheza na unga wa watu.

Najua pingamizi zitakazokuja, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni muda: seva inataka matunzo. Kweli. Inataka masasisho, chelezo, vyeti visivyoisha muda, na jicho kwenye diski. Lakini akaunti za kampuni kubwa nazo zinataka matunzo. Tofauti ni kwamba zikifungwa, mara nyingi unajaza fomu na kungoja. Ya pili ni usalama. Kampuni kubwa ina wahandisi wengi kuliko wewe, hilo sibishani nalo. Lakini paswadi inayojulikana na ofisi nzima inavunjika popote ilipo, na hilo ndilo tatizo la ofisi zetu nyingi. Ya tatu ndiyo nzito: wewe ukiondoka, nani ataangalia? Hapo nakubali kwamba mtu mmoja hatoshi. Wawe wawili, na kila kitu kiandikwe kwenye kurasa mbili kwa lugha wanayoielewa: domeni inalipiwa wapi na lini, seva iko wapi, logi iko wapi, namba zina maana gani. Kikundi kikikosa hata watu wawili, kihame, tena bila aibu. Mradi kimechagua, hakikufukuzwa na woga.

Pia kuna njia ya katikati ambayo wale wa "hama" hawaitaji, labda kwa sababu haiwalipi. Pokea nyumbani, tuma kwa kukodi. Postfix inakuruhusu kwa mpangilio mmoja, relayhost, kukabidhi barua zote zinazotoka kwa kampuni ya kusafirisha ambayo anwani zake zinaaminika, huku zinazoingia zikija moja kwa moja kwenye mashine yako. Ile nusu ngumu unamwachia mwenye gari kubwa. Ufunguo wa sanduku unabaki mfukoni mwako.

Kwa hiyo, siku sanduku lako likikauka na ukalazimika kuita fundi, muulize maswali matatu kabla hajafungua begi. Logi inasema nini? Lango 25 linajibu kutoka nje? Rekodi ya MX inataja mashine ipi? Hayo ni ya dakika kumi. Akishindwa hata moja na bado ana bei ya kukuhamisha mkononi, mrudishie nauli yake, mshukuru, umtafute mwingine. Una siku tano.